Pakiti Zinapogongana Hewani

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie modulesheni, yaani namna ya kuliumba wimbi la redio ili libebe data, na najua neno hilo likitajwa watu huanza kuogopa milinganyo. Milinganyo nimeiacha. Nina swali moja tu: vifaa vingi vinapotumia masafa yaleyale bila kupangiwa zamu, namna tunavyoliumba wimbi inachangia nini katika kuamua ujumbe upi ufike na upi upotee? Wengi tulifundishwa kwamba modulesheni ni ya kupambana na kelele na umbali, na kwamba migongano ishughulikiwe na kanuni za kupeana nafasi, huko juu, kwenye programu. Kutenganisha mambo haya mawili ndiko kunakotuponza.

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, kazi iliyoongozwa na Norman Abramson. Vituo vilivyotawanyika visiwani vilituma data kwa kompyuta kuu iliyokuwa Oahu, vyote kwa masafa mamoja, kila kimoja kikituma pale kinapokuwa na la kutuma. Usipopata jibu kwamba ujumbe umepokelewa, unasubiri muda wa kubahatisha, unatuma tena. Basi. Ukifanya hesabu ya utaratibu huo, unakuta sehemu ya muda wa hewani inayozaa matunda haiwezi kupita asilimia 18.4. Mwaka 1972 Lawrence Roberts akapendekeza muda ukatwe vipande, na kila kifaa kianze kutuma mwanzoni mwa kipande. Kikomo kikapanda mara mbili, asilimia 36.8.

Hesabu hizo zimebeba dhana ambayo watu huipita haraka: pakiti mbili, yaani vifurushi viwili vya data vinavyotumwa kwa mkupuo, zikigusana hata kidogo, zote mbili zimekufa. Hilo nitalirudia. Kwa sasa tukubali ni kweli, tuone linatupeleka wapi.

Chukueni LoRa, modulesheni ya redio inayotumika sana kwenye mita na vihisio vya betri. Wimbi lake hufagia masafa kutoka chini kwenda juu, na thamani ya alama, yaani umbo moja la wimbi linalobeba biti kadhaa, inatokana na mahali ufagiaji ulipoanzia. Kuna viwango vya mtawanyo, yaani ngazi za kurefusha ufagiaji huo, kutoka 7 hadi 12. Katika kiwango cha 7 alama moja ina sehemu 128 za kuanzia na, kwa upana wa kilohezi 125, inachukua kama milisekunde moja. Katika kiwango cha 12 kuna sehemu 4096, na alama inachukua karibu milisekunde 33. Kila ngazi unayopanda inakuongezea takriban desibeli 2.5 za usikivu (desibeli hupima uwiano wa nguvu: kila 10 ni mara kumi). Ukifika 12, mpokezi anaweza kusoma wimbi lililo dhaifu mara mia kuliko kelele inayolizunguka. Ni jambo la ajabu, na sishangai mafundi wakilipenda.

Sasa tulipie. Pakiti ya baiti 23 katika kiwango cha 7 inakaa hewani kama milisekunde 62. Pakiti hiyohiyo katika kiwango cha 12 inakaa milisekunde 1,483, yaani sekunde moja na nusu hivi. Weka vifaa 100, kila kimoja kinatuma mara moja kila dakika 10, kwa wakati wowote. Si mzigo mkubwa hata kidogo. Katika kiwango cha 7, asilimia 98 ya pakiti hupita bila kuguswa na nyingine. Katika kiwango cha 12 hupita asilimia 61. Karibu 4 katika kila 10 zinagongwa, na hakuna kelele iliyoongezeka, hakuna kifaa kilichosogezwa mbali. Kilichobadilika ni modulesheni, na tumeibadilisha ili iwe imara zaidi!

Halafu vifaa hivyo vikiambiwa virudie kila kilichopotea, mambo yanaharibika kabisa. Pakiti mpya peke yake tayari zinadai robo ya muda wa hewani, na tumeshaona kwamba kikomo ni asilimia 18.4. Foleni haitaisha kamwe.

Kwa hiyo mtu akiniambia modulesheni fulani ni imara, namuuliza: imara kwa nani? Kwa kifaa kilicho peke yake hewani, sawa. Kwa kifaa chenye majirani 99, mhesabie kwanza muda anaokaa njiani.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili: tubebeshe biti nyingi katika kila alama, pakiti ziwe fupi. QPSK, modulesheni yenye nukta 4, yaani maumbo 4 ya wimbi ya kuchagua, hubeba biti 2; 64-QAM, yenye nukta 64, hubeba 6; muda hewani unapungua hadi theluthi. Vizuri, ila nukta 64 zimebanana. Bila misimbo ya kusahihisha makosa, ukitaka usikosee zaidi ya biti moja katika elfu, QPSK inahitaji wimbi lizidi kelele kwa karibu desibeli 10, na 64-QAM zaidi ya desibeli 20. Wimbi geni dhaifu tu likipita, 64-QAM imevurugika.

Na hapa narudi kwenye ile dhana. Si kweli kwamba kila mgongano unaua wote. Pakiti mbili zikifika kwa nguvu tofauti, mara nyingi yenye nguvu inasomeka vizuri. Kwa LoRa ya kiwango kimoja, tofauti ya desibeli 6 hivi kwa kawaida inatosha. Modulesheni yenye nukta chache zilizoachana ndiyo inayonufaika zaidi. Wabunifu wengine huvibahatishia vifaa viwango vya nguvu makusudi, ili visifike sawa.

Mwaka 2007 mbinu iitwayo CRDSA ilikwenda mbali zaidi. Kila kifaa hutuma nakala mbili za pakiti katika vipande tofauti vya muda, na kila nakala inasema mwenzake yuko wapi. Mpokezi akipata nakala moja safi, anaisoma, analiumba upya wimbi lake, kisha analitoa kwenye kile kipande kingine kilichogongana. Kinachobaki huenda kikawa pakiti ya mtu mwingine, safi kabisa, nayo inafungua nyingine. Kutoka kile kikomo cha Roberts cha asilimia 37, mbinu hiyo inafika karibu 55. Lakini kutoa huko kunadai umjue uliyemtoa: kimo cha wimbi lake, awamu yake (mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake), masafa yake yalivyoteleza. Ukikosea awamu kidogo, mabaki yanakuwa kelele mpya. Ndiyo maana alama zinazojulikana mapema hupachikwa ndani ya pakiti, ingawa zinakula nafasi.

Simu za LTE, yaani za 4G, nitazipitia haraka. Simu inapotaka kuanza mawasiliano huchagua kwa kubahatisha moja ya milolongo 64 ya Zadoff-Chu, yaani mifuatano maalumu ya namba, yenye urefu wa 839, iliyoundwa ili mnara uweze kuitofautisha hata ikifika pamoja. Tuseme yote 64 iko wazi kwa kila simu. Zikianza 10 kwa mpigo, uwezekano wa angalau mbili kuchagua mlolongo mmoja unazidi nusu.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza kwa nini kifaa kisisikilize kwanza ndipo kitume. Wi-Fi hufanya hivyo, na inasaidia pale vifaa vinaposikiana. Lakini viwili vinaweza kuwa pande mbili za mnara, kila kimoja kinausikia mnara na havisikiani. Kwa setilaiti ya kilomita 36,000 juu, unachosikia sasa kilitumwa robo sekunde iliyopita.

Ninyi wenye mitandao yenu nendeni mkakague kitu kimoja. Vifaa vingi vikikosa jibu mara kadhaa huhitimisha kwamba mawimbi ni dhaifu, vikashuka kwenye modulesheni ya polepole. Kama sababu ilikuwa mgongano, vimekaa hewani muda mrefu zaidi, vimegonga wengine, nao wakashuka. Mpokezi ana njia ya kujua: pakiti ikifika na nguvu nyingi na bado isisomeke, umbali hauna kosa. Kifaa hicho kiambiwe kibaki na kasi yake, kirefushe muda wa kusubiri.