Selotepu Irudisheni Dukani

(Mhadhara kwa wanaoanza kutengeneza albamu za kumbukumbu, Tanga)

Ahsanteni. Walionisikia zamani wanajua naanzia wapi, wanivumilie. Aliyekuja na selotepu mkobani airudishe dukani.

Tazameni kadi hii ya harusi, naishika juu hata wa nyuma waione. Ilibandikwa kwa selotepu pembe zote. Plastiki imebanduka yenyewe, imeacha mikanda ya kahawia, na jina la bibi harusi limo humo humo. Gundi ya selotepu ikizeeka hulainika, ikazama kwenye nyuzi za karatasi, kisha hukaukia huko na kugeuka rangi. Joto huharakisha, na Tanga joto hatuazimi kwa mtu. Doa likishaingia, maji hayalitoi. Sabuni ndiyo usithubutu!

Najua mtu ataniuliza: mbona kuna albamu za kunata, si zimetengenezwa kwa ajili ya picha? Zimetengenezwa ziuzwe. Zile za miaka ya 1980, zenye mistari ya gundi na plastiki ya kufunika, nyingi bado zimo makabatini mwenu. Kurasa zimekuwa njano na picha hazitoki. Jamani, msizing'oe kwa kucha. Kwanza piga picha ya ukurasa mzima kwa simu, maana lolote laweza kutokea. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, uingize chini ya picha kuanzia pembeni, uvute huku na huku taratibu. Ikigoma, iache.

Basi tubandike kwa nini? Kata vipembe vya karatasi, vikunje viwe vimifuko, picha iingie humo. Gundi ipakwe kwenye kipembe, picha isiguswe. Karatasi isiyo na asidi ndiyo bora. Gazeti msiliweke limegusana na picha, lina asidi na lignini, kitu kinachotoka kwenye mti, litaigeuza njano. Na risiti za mashine, zile zinazochapwa kwa joto, maandishi hufutika, toeni kopi.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya vijana wa mtandaoni. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1873 ya kitabu chenye kurasa zilizopakwa gundi tayari, unalowesha, unabandika. Vijana gani hao? Na wewe dada unayetikisa kichwa kwamba picha zako zote ziko kwenye simu, hebu nitolee ya Idi ya mwaka juzi. Tunakusubiri. Mnaona kidole kinavyopanda na kushuka? Chagua chache, kazisafishe studio.

Ukizipata, andika nyuma kwa penseli laini, pembezoni, bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Usiandike "Shangazi" tu. Shangazi wa nani? Wajukuu watabishana. Karatasi ikiwa ya kuteleza, penseli haishiki. Andika kwenye ukurasa, chini ya picha.

Anza na jambo moja dogo, harusi moja au safari moja ya Pangani. Ukitaka kuanzia siku uliyozaliwa hutamaliza.

Naona mnatazama saa. Mapambo sijayagusa, kipande cha khanga kitieni karatasi nyuma, rangi huchuja. Albamu isikae sakafuni wala kuegemea ukuta wenye unyevu, ukungu hauna huruma. Waliokuja na albamu za kunata wapite mbele, uzi ninao. Mmoja mmoja, tafadhali.