Fimbo Iliyokwisha Kuzaa: Mazungumzo ya Kupogoa Rasiberi, Lushoto

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Nimekuja na fimbo mbili, yaani mashina, za rasiberi, yale matunda madogo mekundu, kutoka bustanini kwangu. Naomba zipite mkono kwa mkono wakati nikiongea, ila shikeni taratibu, zina miiba midogo.

Hii ya kijani imeota mwaka huu. Ganda lake limebana. Hii nyingine imepauka, ganda linabanduka ukiligusa, na hapa juu mnaona vikonyo vikavu vilivyobeba matunda. Hii imekwisha kuzaa. Haitazaa tena hata uimwagilie kutwa kucha.

Wengi wetu tumekulia kwenye migomba, basi tuanzie huko. Mgomba ukishatoa mkungu unauangusha, watoto wake wapate nafasi. Rasiberi nayo ni hivyo hivyo. Mizizi hukaa ardhini miaka mingi, lakini kila fimbo ina miaka miwili tu: wa kwanza inarefuka, wa pili inazaa, kisha inakufa. Kwa hiyo matunda yakiisha, fimbo iliyozaa ikate chini kabisa, usawa wa udongo. Usiache kisiki, kitaoza na kuleta magonjwa.

Mimi sikulijua hilo. Aliyeniuzia miche aliniambia niipogoe kama mti wowote wa matunda. Nikapita mstari mzima nikikata ncha, na vichipukizi vya chini nikaving'oa vyote nikiamini vinanyonya mche. Msimu uliofuata sikupata hata bakuli moja. Vile nilivyong'oa ndivyo vilivyokuwa mavuno yangu. Hadi leo naumia nikikumbuka.

Sasa, zipo aina zinazozaa kwenye ncha mwaka uleule fimbo inapoota. Heritage, iliyotolewa Marekani mwaka 1969, ni mojawapo. Kwa milima yetu ya Usambara hizi ndizo ninazozipendekeza, kwa sababu zile zinazongoja mwaka wa pili ndipo zizae zinataka mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 ili macho yake, yale yanayochipua, yaamke vizuri, na baridi yetu ya Juni na Julai, pamoja na ukungu wake wote, haifiki huko. Heritage ukishavuna una njia mbili. Unaweza kukata ncha iliyozaa tu, sehemu ya chini ikupe matunda baadaye, kisha ndipo uiondoe fimbo nzima. Au unafyeka mstari wote hadi chini uanze upya. Mimi nafyeka. Unapata mavuno mara moja, lakini nguvu yote inaingia kwenye fimbo mpya, na hukosei ipi ni ipi.

Ndugu zetu mliopanda gari kutoka Tanga mjini, nawaambia ukweli: joto la pwani litawavunja moyo. Ninyi pandeni forosadi. Inastahimili joto, na hata ukiipogoa sana inachipua.

Fimbo mpya zikiota, punguza. Mita moja ya mstari inatosha fimbo 10 hadi 12. Acha nene, toa nyembamba. Zifunge kwenye waya kati ya nguzo mbili ili hewa ipite, maana matunda yakikaa na unyevu yanaota ukungu wa kijivu yakiwa bado mtini.

Na hili nawasihi sana. Vitalu vyetu karibu vyote vimepita nyanya, viazi au hoho. Mazao hayo huacha udongoni vimelea vya mnyauko, navyo hukaa miaka mingi vikisubiri. Rasiberi ikipandwa hapo inanyauka fimbo moja baada ya nyingine, na hakuna dawa ya kuirudisha. Tafuteni kitalu ambacho hakijaona nyanya kwa miaka minne walau, kiwe na mteremko ili maji yasituame. Jembe nalo lisiende chini, mizizi iko juujuu. Magugu yang'olewe kwa mkono, kisha wekeni matandazo.

Tunda lililoiva halivutwi. Ukiligusa linateleza lenyewe, kile kiini cheupe kinabaki kwenye kikonyo. Likigoma, liache hadi kesho.

Fimbo zimefika wapi? Mama uliyekaa hapo mwisho, naomba uje nazo mbele. Mkasi huu hapa. Tuonyeshe ni ipi tunaikata.