Kwa Nini Tumbili Haugui

Shikamooni wazee wangu, habari zenu vijana. Nashukuru kwa kuja, maana najua muda huu mitumbwi inarudi na wengine mngependa kuwa mwaloni kuliko kumsikiliza mtu wa maabara.

Nianze na mnyama ambaye hakuna aliyemo humu ndani asiyemjua: tumbili. Yule anayekuja shambani mahindi yakiwa mabichi, anakaa juu ya kichuguu anakutazama kana kwamba shamba ni lake na wewe ndiye mwizi. Ukipima damu ya tumbili wakubwa wa porini, katika makundi mengi ya Afrika utakuta zaidi ya nusu yao wana virusi ambavyo ni ndugu wa VVU. Wataalamu wanaviita SIV. Vinaingia kwenye CD4, seli za kinga zilezile tunazopimwa sisi kliniki, vinazaliana humo, vinaziua. Naye tumbili anaishi navyo, anazaa, anazeeka, mwisho anakufa kwa chui au kwa mtego wako. Kwa UKIMWI hafi.

Jioni hii nataka tulitazame hilo tu. Anafanyaje?

Kwanza niwape kisa cha Louisiana, Marekani. Miaka ya 1980 watafiti wa huko walikuwa wanahangaika na ukoma. Walikuwa na mangabei, nyani wa misitu ya Afrika Magharibi mwenye manyoya ya rangi ya moshi, ambaye alikutwa na ukoma bila ya mtu kumwambukiza. Wakachukua nyama ya vidonda vyake, wakawadunga makaki, ambao ni nyani wa Asia, waone kama ukoma utashika. Makaki wakaanza kukonda, wakaharisha, wakapata magonjwa ambayo mwenye kinga nzuri hayamsumbui. Kumbe yule mangabei alikuwa na mzigo wa pili ambao hakuna aliyeujua. Alikuwa na SIV, naye mwenyewe alikuwa hana habari nayo! Mwaka 1985, kituo kingine cha utafiti wa nyani, cha Massachusetts, kilikuwa kimeshavitenga virusi vya namna hiyo kutoka kwa makaki wagonjwa. Makaki wa porini kule Asia hawana virusi hivi kabisa. Walivipata utumwani, kwa kuchanganywa na nyani wa Afrika au kudungwa vitu vya miili yao.

Basi hapo sayansi ikawa na wanyama wawili mezani. Virusi ni vilevile. Mmoja anakufa kwa UKIMWI, mwingine yuko kwenye tawi lake anamenya tunda.

Wewe ungedhani nini? Nami nilipoanza kusoma mambo haya nilidhani hivyo hivyo: mangabei ana kinga kali, anavipiga virusi mpaka vinabaki vichache. Basi walipopima damu yake wakakuta mamia ya maelfu ya nakala za virusi katika mililita moja. Mgonjwa wetu akija na kipimo cha namna hiyo, daktari anabadilika uso. Wakasema, labda CD4 zake haziguswi. Wakaangalia utumbo, maana CD4 nyingi za mwili zinakaa kwenye utumbo kuliko kwenye damu. Kwa makaki ilishaonekana mwaka 1998 kwamba ndani ya wiki chache tu za maambukizi, CD4 za utumbo zinafagiliwa karibu zote, wakati kipimo cha damu bado kinaonyesha afadhali. Kwa mangabei nako zikakutwa zimeshuka vibaya mwanzoni. Kwa hiyo virusi ni vingi, na madhara ya kwanza yapo. Lakini haugui.

Hapa ndipo nawaomba mfikirie sungusungu.

Mwizi akiingia kijijini, yowe linapigwa. Wanaume wanatoka na marungu, na ni vizuri watoke. Mwili nao una yowe lake. Linaitwa intaferoni, kemikali ambayo seli iliyovamiwa inaimwaga ili nyingine zijiandae. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti yalifuatilia yowe hilo kwa makaki, kwa mangabei na kwa jamaa za tumbili wetu. Siku za mwanzo wote walipiga yowe, na kwa sauti kubwa. Baada ya wiki chache, kwa wale wa Afrika likazimika. Sungusungu wakarudi kulala. Mwizi bado yumo kijijini, wanamwona, lakini asubuhi watu wanakwenda kulima.

Kwa makaki yowe halizimiki. Kwa binadamu asiyetumia dawa, vivyo hivyo. Usiku wa kwanza sungusungu wanatoka, wa pili wanatoka, mwaka wa tatu bado wanatoka. Shamba halilimwi, vijana wamechoka, wazee wanadondoka njiani. Na kibaya zaidi, VVU hupenda hasa CD4 iliyoamshwa, ile iliyokwisha kushika rungu. Maana yake kila unapoita vijana zaidi watoke kupambana, ndivyo unavyomletea mwizi watu wa kuwageuza. Kwa miaka mingi tulifikiri mgonjwa anamalizwa na virusi kula CD4 moja moja. Nyani hawa wametuonyesha kwamba kinachommaliza zaidi ni huo mkesha usiokwisha.

Sasa nani anaendelea kupiga yowe? Sehemu kubwa ya jibu iko tumboni. Ukuta wa utumbo unatutenganisha na mabilioni ya bakteria, na CD4 za pale ndizo mafundi wa kuuziba. Zikifagiliwa, ukuta unavuja. Mabaki ya bakteria yanapenya kwenye damu, na kinga ikiyaona inadhani vita ndiyo kwanza vimeanza. Hili lilionekana wazi mwaka 2006, kwa watu na kwa makaki. Mangabei na tumbili, pamoja na hasara ile ya mwanzo, ukuta wao hauvuji.

Kuna jaribio moja hapo ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Watafiti walichukua jamaa za tumbili wenye SIV, wazima wa afya, wakawadunga sumu inayotoka kwenye ganda la bakteria, ileile ambayo ingevuja utumboni. Kinga yao ikaamka na virusi vikapanda. Kumbe hata yeye ukimpigia yowe kwa nguvu anaamka kama sisi, ila katika maisha yake ya kawaida hakuna anayempigia.

Mangabei ana na vya ziada. Virusi vinahitaji kitasa cha kushika mlangoni mwa seli, kinaitwa CCR5, naye kwenye CD4 zake amepunguza vitasa hivyo, hasa kwenye zile za akiba zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa. Na mwaka 2018, ramani nzima ya jeni zake ilipochapishwa, ilionekana jeni inayotambua ile sumu ya bakteria imebadilika umbo, ikawa nzito kidogo kushtuka.

Mabadiliko kama hayo hayaji kwa mwaka mmoja. Kisiwa cha Bioko, pwani ya Guinea ya Ikweta, kilitengwa na bara bahari ilipopanda, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Nyani wa kisiwani wana SIV, na ndugu zao wa bara wanazo pia, za ukoo mmoja. Kutokana na hapo, mwaka 2010 wanasayansi walikadiria SIV ina umri usiopungua miaka 32,000. Ni nyani wangapi walikufa kabla ya waliobaki kujifunza kulala mwizi akiwa ndani, hilo lifikirieni wenyewe.

Na hapa sasa tufike nyumbani, kwenye hifadhi ya sokwe hapa Kigoma. Gombe.

Sokwe hakuwa na virusi hivi tangu zamani kama tumbili. Yeye hula nyama pia, ninyi mnajua anavyowawinda mbega wekundu hapo msituni. Chembe za urithi za virusi vyake zinaonyesha ni mchanganyiko wa SIV za nyani wadogo wa Afrika ya Kati, mmojawapo mangabei mwenye kofia nyekundu, mwingine kima mwenye doa jeupe puani. Sokwe wa kale aliwala wote wawili. Kwa muda mrefu watu walisema sokwe naye haugui, kwa sababu wale waliodungwa VVU maabara Marekani wengi walikaa bila dalili.

Gombe ndiyo iliyokanusha. Tangu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, afike pale mwaka 1960, kila sokwe anajulikana kwa jina, mama yake, siku aliyopotea. Watafiti hawakumgusa mnyama hata mmoja: waliokota kinyesi, wakakinga mkojo chini ya miti. Kazi ya kuamka alfajiri kufuata kinyesi mlimani ilifanywa na vijana wa hapa Kigoma, na huwa nasikitika kwamba ripoti zikisomwa ukumbini hilo halitajwi. Kwa miaka tisa walifuatilia sokwe 94, kati yao 17 walikuwa na SIV. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Ukilinganisha wa umri mmoja, mwenye virusi alikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 ya asiyekuwa navyo. Majike wenye virusi walizaa kwa nadra, na watoto wao walikufa zaidi. Jike mmoja alikufa kabla ya miaka mitatu tangu aambukizwe, na ndani ya mwili wake walikuta picha ileile ya mgonjwa wa UKIMWI wa hatua ya mwisho.

Niliseme hili taratibu, maana nimelisikia sokoni: UKIMWI haukutoka Gombe. Virusi vya VVU vilivyoenea duniani vina asili ya sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, vikashamiri Kinshasa mwanzoni mwa karne ya 20. Virusi vya sokwe wa Gombe ni tawi jingine, na havijakutwa kwa mtu. VVU-2 ya Afrika Magharibi ndiyo iliyotoka kwa mangabei.

Mtaniuliza, nyani wamempa nini mgonjwa wa hospitali yetu ya Maweni? Ile T ya kwanza kwenye TLD, kidonge anachomeza mwenye VVU, ni tenofova. Mwaka 1995 makaki waliopewa dawa hiyo kabla ya kudungwa SIV, au ndani ya saa 24 baada ya kudungwa, wakaendelea nayo wiki nne, hakuna aliyeambukizwa. Mwaka 1998 wakajaribu kuchelewesha na kufupisha, na ulinzi wa dawa ukapungua. Muuguzi aliyejichoma sindano, au binti aliyebakwa, anapoambiwa awahi kabla ya saa 72 na ameze siku 28, anatumia hesabu iliyolipiwa na wanyama hao. Sijisikii vizuri kuhusu makaki wa vizimba, wala sitajifanya. Sokwe, Marekani waliacha kuwafanyia majaribio ya namna hiyo mwaka 2015, na mimi nasema walichelewa.

Nilikuwa na mengine, ila naona mkono wa bibi pale nyuma umenyooshwa muda mrefu.

Anauliza hivi: tumbili wa shambani kwake akimng'ata mjukuu, mtoto atapata UKIMWI?

Hapana, mama. SIV ya tumbili haijawahi kuonekana ikigeuka ugonjwa wa watu. Lakini akimng'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mpeleke zahanati siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Usisubiri kesho. Na nyama yake, kama kuna anayemchinja, mikono yenye mikwaruzo isiguse damu.