Je, Atajivua Gamba Tena? Kumhudumia Tarantula Aliyejeruhiwa au Aliyezeeka

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Naanza na swali, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu ya leo imo ndani yake: buibui wako atajivua gamba tena, au ameshajivua kwa mara ya mwisho? (Nazungumzia buibui. Wanasiasa tuwaache walipo.)

Tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, hana mifupa. Gamba ndilo linalombeba, na kila anapolivua hutoka na jipya lililojengwa chini yake. Mguu uliokatika huota, chonge lililovunjika huota, kovu la tumboni huondoka na gamba la zamani. Jike hujivua maisha yake yote. Dume akishakomaa, basi. Mtambue kwa vile vikono viwili vya mbele kabisa: ncha zake huvimba kama glovu za bondia. Katika aina nyingi, ingawa si zote, miguu ya kwanza huwa pia na kulabu ndogo upande wa ndani. Huyo hana gamba jingine la kutarajia. Wachache hujaribu kujivua tena, na kwa kawaida vile vikono vilivyovimba hunasa humo humo.

Kwa hiyo jike mchanga aliyepoteza mguu ni mgonjwa anayesubiri kupona. Dume aliyekomaa na kupoteza mguu ule ule atatembea na saba mpaka afe, na kazi yako ni kumrahisishia makazi. Msichanganye wagonjwa hawa wawili.

Kabla ya majeraha, nizungumzie maji. Misuli ya tarantula inakunja miguu, lakini kuinyoosha, hasa kwenye viungo viwili vikubwa vya kila mguu, kunategemea shinikizo la damu. Damu ikipungua, ama kwa jeraha ama kwa kiu, miguu hujikunja chini ya mwili. Ukimkuta amesimama na miguu imekunjwa ndani, hali ni mbaya. Ukimkuta amelala chali, miguu juu, anajivua gamba: usimguse, usimgeuze, usimpulizie maji, toa tu mende yeyote wa chakula aliye hai humo ndani. Shughuli hiyo kwa buibui mkubwa huchukua saa nyingi. Wanaoanza hugeuza mambo haya mawili, wakamwacha mwenye kiu na kumsumbua anayejivua.

Mwenye kiu, mletee kisahani kipana kisicho na kina, kwa mfano mfuniko wa chupa ya jemu, na maji ya nusu sentimita. Msogeze taratibu mpaka sehemu ya mbele iguse maji; mdomo uko chini, katikati, nyuma ya chonge. Tumbo libaki nje, kwa sababu mapafu yake manne yako upande wa chini wa tumbo, karibu na kiuno, na yakizama atakosa hewa. Mwache hivyo saa kadhaa. Msiweke pamba wala sponji ndani ya maji: hanywi vizuri zaidi kwa hiyo, na bakteria hufurahi. Kuna pia desturi ya kumfungia mgonjwa kwenye kikopo chenye tishu zilizolowa, joto na unyevu juu. Mimi siiungi mkono. Hewa iliyotuama yenye unyevu huleta ukungu, na alichohitaji ni kunywa.

Sasa majeraha. Jeraha linaloua ni la tumbo, na chanzo chake karibu kila mara ni kuanguka. Tumbo ni mfuko laini uliojaa maji. Likigonga jiwe kutoka urefu wa sentimita 30 linaweza kupasuka. Kwa aina zinazoishi ardhini, urefu kutoka udongo hadi mfuniko usizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui miguu ikiwa imenyooshwa. Wa sentimita 15, basi sentimita 22 zinamtosha. Boksi likiwa refu, ongeza udongo. Vumbi la makumbi ya nazi linafaa sana na Pwani halina bei. Mawe yenye ncha na vyungu vilivyovunjika, toa. Mfuniko wa wavu pia ubadilishe, kwa sababu kucha hunasa kwenye matundu na mguu hubaki juu. Na msimlishe kupita kiasi, maana tumbo lililovimba sana hupasuka upesi zaidi.

Limeshapasuka? Usimshike kwa mkono. Mfunike kwa kikombe cha uwazi, pitisha kadi ngumu chini, mhamishie kwenye boksi dogo lililotandikwa tishu nyeupe kavu. Tishu itakuonyesha anavuja kiasi gani. Damu yake ina shaba badala ya chuma, hivyo ni ya maji maji, pengine na rangi ya samawati kwa mbali. Mchubuko mdogo mara nyingi huganda wenyewe. Ukiona umeziba, mwache, hata kama mkono unakuwasha kufanya kitu.

Mpasuko ukiendelea kuvuja, kausha kwa ncha ya tishu kisha gusisha wanga wa mahindi kwa brashi laini kavu. Nasema wanga, ule mweupe laini wa kufanya mchuzi uwe mzito, si unga wa ugali. Rudia mara mbili au tatu. Ikishindikana, ndipo supaglu: tone dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kwenye ncha ya kijiti cha meno, juu ya mpasuko uliokaushwa. Hapa huharibika mambo kwa njia tatu. Damu ikiwa bado inatiririka, gundi huelea na kubanduka. Gundi ikiwa nyingi, hushuka hadi kwenye mapafu au kwenye vifereji vya kutolea uzi, nyuma ya tumbo. Na ukimwachia kabla haijakauka, atajikuna kwa mguu wa nyuma, naye ataganda hapo hapo. Zuia miguu ya nyuma kwa brashi dakika mbili tatu, boksi likiwa wazi ili mvuke wa gundi utoke. Baada ya hapo ni maji, giza, utulivu, na hakuna chakula wiki nzima.

Mpasuko ukiwa mkubwa, viungo vya ndani vimetoka, hakuna gundi ya kumwokoa. Daktari wa mifugo mwenye gesi ya usingizi ndiye njia bora ya kummaliza bila mateso. Wengi hutumia friza, lakini wataalamu hawakubaliani kama haina maumivu.

Mguu ni jambo jepesi zaidi. Tarantula ana kiungo karibu kabisa na mwili ambapo anaweza kuuacha mguu mwenyewe, na kidonda hicho huziba haraka. Mguu ukivunjika katikati na kuvuja, mara nyingi atauacha bila msaada, na huenda akaula, msishangae. Asipouacha na damu haikomi, hata kwa wanga, mwenye uzoefu hushika paja, kile kipande kinene, kwa kibano chenye ncha laini na kuvuta juu mara moja, kwa nguvu na haraka. Kuvuta polepole humtesa bila kumfanya auachie. Mguu mpya utakuja mwembamba na mfupi, utalingana na mingine baada ya kujivua mara mbili au tatu. Mguu ukipotea akiwa karibu sana kujivua, usiutarajie katika gamba hilo. Hakuna muda wa kuujenga.

Ninachosema cha kushika na kupaka gundi kinawahusu wapole wa Amerika, kama wale wa jamii ya Grammostola. Wa kwetu ni habari nyingine. Pterinochilus murinus, yule ambaye aina yake ya rangi ya chungwa wafugaji wa Ulaya huiita Usambara, na Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, hawana manyoya ya kuwasha ya kujitetea. Wana kasi na chonge, na wakiuma maumivu ni makali, pengine na kukakamaa kwa misuli. Kwa hao, kibano cha sentimita 25 hadi 30, wanga kwa brashi ndefu, na gundi mwachie mzoefu.

Chonge likivunjika, hawezi kuua wala kusaga vizuri. Ponda mende au mtoe kichwa, weka mbele yake jioni, toa mabaki asubuhi. Njia hiyo hiyo inamfaa mzee.

Na uzee wenyewe? Dume aliyekomaa ana miezi kadhaa, pengine mwaka au zaidi kidogo kutegemea aina. Hula kidogo, tumbo husinyaa, huzunguka usiku akitafuta jike, na mwishoni hujikwaa. Punguza urefu wa kupanda, weka maji mahali anapopita, mpe kiwindo kilichouawa kila wiki mbili au tatu, usimlazimishe. Kukataa kula si ugonjwa kwake. Jike, kwa mfano wa Grammostola rosea, anaweza kupita miaka 20, na kadiri anavyozeeka vipindi vya kujivua hurefuka. Hatari yake ni kunasa ndani ya gamba. Lainisha sehemu iliyokwama kwa brashi yenye maji ya vuguvugu na tone la gliserini, kwa saa nyingi, bila kuvuta. Mwili mpya ni laini mno. Akifanikiwa, siku 10 bila chakula, na usimpe kiwindo kabla chonge hazijawa nyeusi kabisa.

Nimeulizwa hapa kuhusu baridi ya Nairobi mwezi wa Julai, usiku ukishuka hadi nyuzi 12 hivi. Mgonjwa mweke chumba chenye joto, nyuzi 24 hadi 28 zinatosha. Taa ya joto juu ya boksi usiweke, itamkausha.

La mwisho ni dawa za wadudu. Buibui anayetetemeka na kutupa miguu ovyo, asiye na jeraha wala kiu, mshuku sumu kwanza. Koili za mbu, dawa za kupuliza na vyandarua vyenye dawa vyote vimetengenezwa kuvuruga neva za wadudu, na za buibui hazina kinga. Mende wa jikoni waliokwisha kupuliziwa ni njia nyingine ya sumu hiyo, kwa hiyo lisha waliofugwa tu. Tiba haipo. Mhamishie chumba kisichopuliziwa, boksi jipya, udongo mpya, hewa ya kutosha, maji, na tishu badala ya vitu vya kukwea. Baadhi hutulia baada ya wiki kadhaa. Ukilazimika kupuliza nyumba, mtoe kabla, na boksi lirudi tu baada ya chumba kupigwa upepo na rafu kufutwa kwa sabuni.