Saa ya Kugeuka: Kupanga Safari ya Siku Moja hadi Kilele cha Koitobos

Ndugu wenyeji wangu, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika hapa Kisumu jioni hii. Mmeniomba niwaeleze namna ya kupanga safari ya siku moja hadi kilele cha Koitobos katika Mlima Elgon, ule ambao jirani zetu Wabukusu huuita Masaba. Koitobos ina urefu wa mita 4,222. Sicho kilele kirefu kuliko vyote mlimani humo, kwani Wagagai, kilicho upande wa Uganda, hufika mita 4,321. Lakini kwa anayepandia upande wa Kenya bila kulala juu, Koitobos ndicho kinachofikika.

Safari hii huitwa ya wastani, na neno hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ni kweli kwamba haihitaji kamba wala ufundi wa kukwea miamba, na barabara hupanda ndani ya hifadhi hadi takriban mita 3,500, hata mtu akabakiwa na mwinuko wa mita kama 700 tu wa kwenda kwa miguu. Lakini “wastani” hupima miguu. Hewa na mawingu havimo katika kipimo hicho.

Nianze na hewa. Hapa tulipokaa tuko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile hapa na kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na kwa hiyo katika mita 4,222 kila pumzi humpa mtu karibu asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, ila hujizoeza polepole, na nguvu za kiwanjani hazimkingi mtu.

Hilo nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka fulani nilipanga safari ya watu sita, na ili kuokoa gharama ya kulala Kitale, mji ulio karibu na mlima, niliamua tuondoke Kisumu usiku wa manane na kupanda asubuhi hiyo hiyo. Mwenzetu mmoja, kijana mcheza kandanda aliyekuwa akitutangulia tangu mwanzo, aliketi juu ya jiwe chini kidogo ya kilele akaniomba nimfungie zipu ya koti. Nilidhani ni baridi. Kisha kwa sekunde chache nikaviangalia vidole vyake vikiigusa ncha ya zipu, vikaiacha, vikaigusa tena, kana kwamba si vyake. Nikamwambia asimame atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akapepesuka. Tulimshika mikono tukageuka papo hapo, kilele tukikiona. Tulipofika kwenye gari alikuwa akiomba chai na kuuliza kwa nini tumerudi. Dawa ilikuwa kushuka.

Kwa hiyo laleni Kitale, au bora zaidi katika kambi za hifadhi karibu na lango la Chorlim. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni onyo: mtu apumzike, anywe maji, na asiendelee kupanda hadi hali itulie. Akipepesuka, akichanganyikiwa au akihema hali ameketi, hakuna kujadiliana. Ateremshwe mara moja, asiachwe ateremke peke yake.

Sasa saa. Msihesabu kuanzia alfajiri kwenda mbele. Hesabuni kuanzia jioni kurudi nyuma. Ni lazima mwe mmetoka langoni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kuteremka kwa gari kutoka mwisho wa barabara kunaweza kuchukua saa mbili, na zaidi udongo ukilowa, kwa maana njia ile huteleza sana na haifai gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Basi muwe garini saa tisa alasiri. Kushuka kutoka kileleni mkupe saa mbili na nusu. Mnapata saa sita na nusu mchana, na hiyo ndiyo saa ya kugeuka, mfike msifike.

Mwaka 1892, mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ambayo bado inatufaa: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tukichukulia kilomita sita, kanuni hiyo hutupa karibu saa mbili na nusu; kwa hewa ya kule mimi huongeza saa nzima. Anzeni kutembea kabla ya saa tatu asubuhi.

Saa ya kugeuka inatokana pia na mawingu. Hata Januari na Februari, miezi mikavu, asubuhi anga huweza kuwa safi na adhuhuri likafunikwa, na juu ya msitu hakuna pa kujificha radi. Joto hupungua takriban digrii sita kwa kila mita 1,000, hivyo kileleni joto huwa chini kwa digrii kama 18 kuliko hapa Kisumu, upepo haujahesabiwa. Acheni fulana za pamba, zikilowa hazikauki. Bebeni sweta ya sufu, koti la mvua, glavu, tochi hata kama mna hakika ya kurudi mapema, maji lita tatu kila mmoja, chapati, mayai ya kuchemsha na sukari guru.

Kuna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kukwangua chumvi ukutani. Nalipenda mno, na ndiyo sababu nawasihi mlitengee siku yake. Msituni mna nyati pia. Tembeeni na askari wa wanyamapori. Malipo ya kuingia hifadhini yafanyeni kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, mkiwa bado mjini.

La mwisho: andikeni saa sita na nusu kwenye karatasi, kila mmoja atie sahihi usiku wa kuamkia safari, kisha mpeni dereva atakayebaki na gari. Ikifika saa kumi hajawaona, yeye ndiye atakayewaarifu askari.