Kila Kazi na Ushahidi Wake: Mitandao ya Kitaaluma na Mwajiriwa Mpya

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaohitimu mwaka huu,

Nimeombwa nieleze kama kila mmoja wenu anahitaji ukurasa wa LinkedIn, mtandao wa kufahamiana kikazi na kutafutia ajira. Jibu langu linategemea kazi mnayokwenda kuifanya, kwa kuwa kila kazi ina ushahidi wake, na mtandao humfaa mtu pale unapoweza kuubeba ushahidi huo.

Mtunga programu amebahatika. Tangu GitHub, tovuti ambako watunga programu huweka kazi zao, ilipoanza mwaka 2008, mwajiri anaweza kuusoma msimbo wa mwombaji, yaani maandishi ya programu aliyoitunga, akaona alivyosahihisha kosa na alivyomjibu aliyemkosoa, mambo ambayo cheti hakiyasemi. Muuguzi ni tofauti: anayemthibitisha ni baraza lililompa leseni, si sifa alizojiandikia. Fundi seremala naye, kwa maoni yangu, picha ya kabati aliyoiweka WhatsApp humletea mteja mapema kuliko wasifu wowote.

Kwa watafiti niruhusuni nikae kidogo. Majina yetu matatu, la mtu, la baba na la babu, huvurugwa na majarida: makala moja hutanguliza la babu, nyingine la baba, ya tatu hubakiza herufi tu, hata kazi za mtu mmoja zikahesabiwa kuwa za watu watatu. Namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, iliyoanza kutolewa mwaka 2012 na isiyotozwa ada kwa mtafiti, huzikusanya zote mahali pamoja. Mimi niliichelewesha kwa uvivu tu.

Sasa nirudi kwenye LinkedIn. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba habari za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao kwa mbali, maana rafiki wa karibu anajua yale yale tunayoyajua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyohusisha watumiaji wa LinkedIn wapatao milioni 20, yakaonyesha kuwa hoja hiyo ina nguvu zaidi katika sekta zinazotegemea sana teknolojia ya kidijitali, ilhali katika sekta nyingine uhusiano wa karibu ndio uliosaidia.

Hata hivyo, kufahamiana kuna namna yake. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia, “Shikamoo Profesa, naomba kazi yoyote,” nami sikujua nimsaidieje. Mwingine aliuliza kuhusu jedwali moja katika makala yangu, akaonyesha nilipokosea kujumlisha. Huyo tunaandikiana hadi leo.