Kutoa si Kulinganisha: Foleni ya Kipaumbele katika Lugha ya C

Ndugu zangu, foleni ya kipaumbele, ile ambayo namba ndogo kuliko zote hutoka kwanza, mnaijua, na umbo linaloibeba mnalijua, kwa hiyo sitakaa nalo. Lundo, ambalo J. W. J. Williams alilichapisha mwaka 1964, hukaa katika safu ya kawaida: watoto wa nafasi i wako 2i+1 na 2i+2, mzazi yuko (i−1)/2 bila baki, na mzazi hamzidi mtoto wake kamwe, hivyo iliyo ndogo kuliko zote hukaa kwenye mzizi, nafasi 0. Na kabla hamjaniuliza, halina undugu na lile eneo la kumbukumbu ambamo malloc, funksheni ya C ya kuomba kumbukumbu, huchota. Yameshirikiana jina tu, heap kwa Kiingereza.

Kilichonileta ni kile nilichokisema mwaka jana na mwaka juzi, na ambacho bado nakikuta katika kazi ninazosahihisha: funksheni ya kulinganisha yenye mstari mmoja, return a - b, ambapo jibu hasi humaanisha a ndiyo ndogo. Mwanafunzi mmoja aliijaribu foleni yake kwa alama za mtihani, 0 hadi 100, na kila kitu kikatoka kwa mpangilio. Nikamwomba atie namba mbili tu, 2,000,000,000 na −2,000,000,000. Iliyotangulia kutoka ikawa ile kubwa. Alilitafuta kosa katika kupandisha (namba mpya inapopanda kuelekea mzizi), akalitafuta katika kushusha (namba inaposhuka kutoka mzizi baada ya nyingine kutolewa), akaziandika upya zote mbili, na ule mstari mmoja hakuugusa, kwa kuwa ulikuwa mfupi mno kushukiwa. Tofauti ya namba hizo ni 4,000,000,000, ilhali int, aina ya namba kamili ya C, ikiwa ya biti 32 inakomea 2,147,483,647. Kwenye kompyuta yake jibu liligeuka kuwa −294,967,296, na foleni ikasoma hasi hiyo kwamba namba ya kwanza ndiyo ndogo. Nasema "kwenye kompyuta yake" kwa makusudi, kwa sababu kanuni za C haziahidi lolote pale int inapofurika, yaani jibu linapozidi kikomo chake.

Mtasema data zenu hazina namba za namna hiyo. Leo hazina, kesho foleni hiyo itachukuliwa na mtu ambaye hatafungua faili lenu hata mara moja. Andikeni (a > b) - (a < b), nanyi, kwa kuwa katika C kila ulinganisho hutoa 1 au 0, mtapata −1, 0 au 1, basi.

Kosa la pili ni la ukoo huohuo. Mkiitangaza nafasi kuwa size_t, aina ya namba isiyo na hasi, 0 − 1 huwa namba kubwa kuliko zote za aina hiyo, kwa hiyo kitanzi cha kupandisha kiulize i > 0 kabla ya kumtafuta mzazi. Anayetumia int huokoka kwa bahati tu, maana C hukata −1/2 kuwa 0, na mzizi ukawa mzazi wa nafsi yake.

Muda umenitupa mkono. Katika kushusha, hakikisheni mtoto wa kulia yupo kabla ya kumlinganisha na wa kushoto. Jibu la realloc, funksheni ya kuikuza safu, lipokeeni katika kielekezi kingine (kielekezi ni kigeu kinachobeba anwani), kwani mkilipokea katika kilekile na likawa NULL, yaani imeshindwa, mtapoteza anwani ya safu nzima. Vipaumbele vikilingana, lundo halikumbuki nani alitangulia. Ongezeni namba ya kuwasili, ili aliyetangulia kuingia atangulie kutoka. Njia ya Robert Floyd, mwanasayansi wa kompyuta, ya kujenga lundo zima kwa mkupuo itabidi ingoje.